Hifadhi Kilichobadilika Leo: Mwongozo kwa Katibu wa Kojani

Mwongozo huu unamhusu mtu mmoja katika kila kikundi: yule aliyekabidhiwa laptopu ya chama akaambiwa, "hesabu zote zimo humu." Huenda wewe ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo, au unaiandikia kamati ya wavuvi, au ni bwana diko unayehamishia daftari la samaki kwenye kompyuta kila jioni, au mwalimu wa skuli mwenye alama za wanafunzi. Tutakachofanya ni kuhifadhi kila siku yale mafaili yaliyobadilika tu, kwa amri chache za kuandika, bila kununua programu na bila kuungoja mtandao.

Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete, na wengi wa watu wake wanaishi kwa bahari. Tena hawakai mahali pamoja. Mkojani huenda dago, akapiga kambi miezi Tanga, Mafia, Kilwa au pwani ya Kenya, kisha akarudi upepo ukigeuka. Akiwa huko anatuma mchango wake kwa simu, analipa deni la nyavu kidogo kidogo, anamwagiza ndugu yake achukue gawio. Siku akishuka pwani ya kwao atataka kuonyeshwa mstari wake, wa Machi na wa Aprili, mmoja mmoja. Laptopu ikiwa imeingia maji ya chumvi katikati ya miezi hiyo, utamwambia nini? Kumbukumbu ya kichwani haikubaliki kwenye mkutano wa chama.

Sasa, jibu la haraka la wengi ni kunakili folda nzima kwenye flashi kila siku. Tupige hesabu. Tuseme folda yako ina gigabaiti 3, nyingi zikiwa picha za risiti. Flashi ya gigabaiti 32 itajaa kabla ya siku ya kumi na moja. Kubana hakusaidii sana, maana picha za JPEG zimekwisha kubanwa tangu zilipopigwa, na hata jedwali la LibreOffice lenyewe kwa ndani ni zip. Matokeo yake mtu huanza kufuta nakala za juzi ili apate nafasi ya leo, na hapo ndipo balaa linapoingia: faili lililoharibika wiki iliyopita bila kujulikana linafuta nakala yake nzuri. Lakini jioni moja, ukishaingiza mauzo ya mnada, yanabadilika mafaili mawili matatu yasiyofika hata megabaiti moja. Hayo ndiyo ya kuchukua.

Wapo watakaosema, weka kwenye Google Drive, yaishe. Weka, sikukatazi. Ila kumbuka kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zake ikadorora kwa siku kadhaa. Umeme wa Pemba nao unavuka bahari kutoka Tanga tangu 2010, na watu wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wao wa kutoka bara ulipopata hitilafu. Nakala iliyo mkononi mwako haingoji waya wowote, wala haili bando.

Chombo chetu kikuu kinaitwa tar. Ni cha zamani: kilitoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, wakati mafaili yalipohifadhiwa kwenye mikanda ya sumaku. Mkanda ulikuwa ghali na wa taratibu, kwa hiyo mafundi wa siku zile walijifunza mapema kuandika yaliyobadilika tu. Uhaba wao ndio uliotuachia zana inayofaa visiwani leo. Kama laptopu yako ina Ubuntu, Mint au Debian, tar imo tayari. Kama ina Windows 10 au 11, utaikuta tar pia, lakini si ile yenye uwezo tunaoutaka. Weka WSL kwa amri ya wsl --install ukiwa na mtandao, utapata Ubuntu ndani ya Windows. Kwenye simu ya Android, programu ya Termux inafanya kazi hiyohiyo. Hakikisha kwanza:

tar --version

Jibu likianza na "tar (GNU tar)", endelea. Likitaja bsdtar, hiyo siyo.

Usiiogope skrini nyeusi kwa sababu ya Kiingereza. Programu za ofisi zimewahi kutafsiriwa, na Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka 2004 kwa Kiswahili kitupu. Amri hazijatafsiriwa, ila ni herufi chache tu ambazo hata Mwingereza mwenyewe hukariri.

Kabla ya yote, kusanya. Kila kitu cha chama kikae katika folda moja iitwayo kazi, ndani ya folda yako ya nyumbani. Mafaili yaliyotawanyika kwenye Desktop, Downloads na flashi tatu hayahifadhiki kwa amri yoyote. Halafu gawanya mafaili makubwa. Tar hupima faili zima zima: ukibadilisha seli moja kwenye jedwali la miaka mitano, litachukuliwa lote. Faili moja kwa kila mwezi, au moja kwa kila msimu wa kaskazi na kusi, litafanya nakala za kila siku ziwe nyepesi, na hata kulisoma kutakuwa rahisi.

Kisha tazama saa ya kompyuta:

date

Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo inayoponza. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe kila inapozimika kabisa, ikaamka mwaka 2010 au nyuma zaidi. Kompyuta inayodhani leo ni 2010 itaandika kwamba faili la leo ni la kale, na amri yoyote inayotafuta "vilivyobadilika karibuni" italiruka bila kelele. Kama tarehe si sahihi, isahihishe kabla hujafungua jedwali lolote. Betri yenyewe ni kidude cha duara mfano wa sarafu, na fundi wa Wete au Chake Chake ataibadilisha.

Tuingie kazini. Siku ya kwanza tunatengeneza kifurushi kamili:

mkdir -p ~/akiba
cd ~
tar -czf akiba/kazi-2026-03-01.tar.gz -g akiba/2026-03.snar kazi

Herufi c ni kutengeneza, z ni kubana kwa gzip, f inatangulia jina la kifurushi. Kiini ni -g. Faili linaloifuata, hilo lenye .snar, ni daftari ambamo tar anaandika alichokiona: folda zipi, zina nini, na lini. Kwa kuwa siku ya kwanza daftari ni tupu, tar anachukua kila kitu. Siku ya pili ukimpa daftari lilelile:

tar -czvf akiba/kazi-2026-03-02.tar.gz -g akiba/2026-03.snar kazi

atalinganisha, na kuchukua vilivyobadilika tu. Nimeongeza v ili akutajie majina. Utaona ametaja folda zote hata zile zisizoguswa. Usishtuke, anaandika orodha ya kila folda ili baadaye ajue pia kipi kilifutwa. Tazama ukubwa kwa ls -lh akiba. Cha jana gigabaiti, cha leo kilobaiti.

Neno kuhusu majina. Weka mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, vifurushi vijipange vyenyewe. Usitie nukta mbili kwenye jina, kama vile 20:15. Tar wa GNU akiona nukta mbili hudhani unamtaja mashine nyingine ya mbali na kujaribu kuipigia hodi, na flashi zenye mfumo wa FAT hazikubali alama hiyo hata kidogo. Andika 2015, inatosha.

Hapo kuna njia panda, na waongozaji wengi huipita kimya. Kwa jinsi tulivyofanya, kila kifurushi kinaanzia kilipoishia cha jana. Mwisho wa mwezi una vifurushi 30, na ili kurejesha hali ya tarehe 30 unavihitaji vyote kwa mpangilio. Kimoja kikiharibika, faili lililobadilika siku hiyo tu limekwenda. Njia ya pili ni kila siku kuanzia kifurushi kamili cha mwanzo wa mwezi: cha tarehe 2 kina mabadiliko ya siku moja, cha tarehe 20 kina ya siku 19. Vinanenepa kidogo kila siku, lakini kurejesha kunataka viwili tu, kile kamili na kile cha mwisho. Kwa ofisi ya jiji yenye mafaili maelfu, njia ya kwanza ina hoja. Kwa chama cha Kojani chenye mafaili machache yanayobadilika, mimi nashika ya pili bila kusita. Siri yake ni kumpa tar nakala ya daftari badala ya daftari lenyewe, ili daftari la mwanzo wa mwezi lisiguswe.

Haya yote usiyaandike kwa mkono kila jioni. Fungua kihariri cha maandishi, nakili mistari hii, uihifadhi kwa jina hifadhi.sh katika folda yako ya nyumbani:

#!/bin/bash
set -e
cd "$HOME"
mkdir -p akiba
mwezi=$(date +%Y-%m)
leo=$(date +%F-%H%M)
if [ -s "akiba/$mwezi.snar" ]; then
  cp "akiba/$mwezi.snar" akiba/leo.snar
  tar -czf "akiba/badiliko-$leo.tar.gz" -g akiba/leo.snar --exclude='.~lock.*' kazi
else
  tar -czf "akiba/kamili-$leo.tar.gz" -g "akiba/$mwezi.snar" --exclude='.~lock.*' kazi
fi
gzip -t akiba/*-"$leo".tar.gz
ls -lh akiba

Kisha ipe ruhusa mara moja tu kwa chmod +x hifadhi.sh, na kila jioni andika:

~/hifadhi.sh

Mwezi ukiandama, kwa maana ya kalenda ya kompyuta, daftari jipya halipo, basi kifurushi kamili kinatengenezwa chenyewe. (Kompyuta haijui mwezi wa wavuvi. Ukipenda kuhesabu kwa bamvua, badilisha mstari wa mwezi= uandike jina lako, mfano mwezi=bamvua-rajabu, na ulibadilishe kila bamvua jipya.) Ile -s inauliza kama daftari lipo na lina kitu ndani. Nimeiweka kwa sababu ya umeme: ukikatika tar akiwa katikati ya kifurushi kamili, na betri ya laptopu ndiyo ile ya dakika tano, daftari litabaki tupu, na kesho yake skripti itaanza upya badala ya kujidanganya kwamba kazi ilikwisha. Kifurushi kilichokatika kifute. Mstari wa gzip -t unakisoma kifurushi kizima kuona kama hakina ufa; ukinyamaza, ni kizima. Na --exclude inaacha nje vile vifaili vya kufuli ambavyo LibreOffice huvitengeneza ukiwa umefungua jedwali. Hata hivyo, lifunge jedwali kwanza. Tar akilalamika kwamba faili limebadilika wakati analisoma, ana haki.

Kama folda ya kazi yenyewe iko kwenye flashi au kadi ya simu, ongeza --no-check-device katika kila amri ya tar yenye -g. Bila hiyo, kifaa kikichomekwa upya kinaweza kupewa namba nyingine, na tar akadhani folda zote ni ngeni, akachukua kila kitu tena.

Zipo siku ambazo hutaki utaratibu wote huo. Mashua inaondoka, na unataka kumpa mtu yale uliyoyafanya tangu asubuhi. Hapo tumia find. Kwanza mwambie akuonyeshe tu:

cd ~/kazi
find . -type f -mmin -180

Hayo ni mafaili yaliyobadilika ndani ya dakika 180 zilizopita. Ukiridhika, yafunge:

find . -type f -mmin -180 -print0 | tar -czf ~/akiba/haraka.tar.gz --null -T -

Badala ya -mmin -180 unaweza kuweka -mtime -1, yaani ndani ya saa 24. Maneno -print0 na --null yanakwenda pamoja, na --null lazima itangulie -T. Kazi yake ni kutenganisha majina bila makosa, nasi watu wa Pwani tunapenda majina marefu kama "hesabu za nyavu mpya Juni". Bila hayo mawili, jina lenye mstari mpya au alama ya ajabu litavunja orodha.

Utakutana na watu wanaofundisha kuunganisha find na tar kwa kutumia xargs. Wakatalie. Orodha ikiwa ndefu, xargs huigawa mafungu na kumwita tar mara kadhaa, na kila anapoitwa na herufi c anaanza kifurushi upya juu ya kile cha mwanzo. Kinachobaki mkononi mwako ni fungu la mwisho peke yake, na hakuna onyo lolote linalotokea.

Jambo jingine la find linahitaji tulikalie, kwa sababu risiti zetu nyingi ni picha. Kila faili lina saa zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya yaliyomo: lini maandishi au picha ilibadilika. Ya pili ni ya hali yake: lini faili liliguswa kwa namna yoyote, likahamishwa, likabadilishwa jina au likaingia kwenye diski hii. Sasa chukua picha ya risiti iliyopigwa Januari, ikakaa kwenye simu ya nahodha hadi aliporudi dago, ukaihamishia kwenye folda ya chama leo. Mara nyingi programu ya kunakili huiachia tarehe yake ya Januari. Ukitafuta kwa -mtime -1 haitaonekana, ingawa kwako wewe ni mpya kabisa. Tafuta kwa -ctime -1, au -cmin badala ya -mmin, utaipata, maana hizo zinasoma saa ya pili. Tar mwenye -g anatazama saa zote mbili, ndiyo sababu nimemweka mbele na find nyuma. Kwa chama kinachopokea karatasi za wasafiri, tofauti hii si ya kitaalamu tu. Ndiyo risiti kuwepo au kutokuwepo.

Kuhusu zip, nitasema machache. Ni umbizo lililozaliwa 1989 na kila kompyuta ya Windows inalifungua kwa kubofya, basi litumie unapompelekea mhasibu au ofisa asiyejua tar:

cd ~
zip -r -t 2026-03-01 kwa-mhasibu.zip kazi

Hapo yanaingia mafaili yaliyobadilika kuanzia tarehe hiyo. Zip ina pia -u, inayoongeza mapya na kusasisha ya zamani ndani ya kifurushi kilekile, na -f, inayosasisha yaliyomo tu na kuyaacha nje mapya. Wengi huzichanganya, wakatumia -f na kushangaa kwa nini faili la jana halimo. Kwa hifadhi ya kila siku sizipendi zote mbili, kwa sababu kifurushi ni kimoja kinachoandikwa juu yake kila mara: toleo la jana la jedwali linafutwa na la leo, pamoja na kosa lake.

Tumefika kwenye kurejesha, sehemu ambayo watu hawaijaribu mpaka siku ya msiba. Tengeneza folda tupu, ingia humo, fungua kifurushi kamili kwanza, halafu badiliko la mwisho:

mkdir ~/jaribio
cd ~/jaribio
tar -xzf ~/akiba/kamili-2026-03-01-2010.tar.gz -g /dev/null
tar -xzf ~/akiba/badiliko-2026-03-20-2015.tar.gz -g /dev/null

Kule kuandika -g /dev/null ndiko kunakomwambia tar kwamba vifurushi hivi ni vya mfuatano. Na hapa kuna hatari ya kweli. Tar akifungua kwa namna hii, faili lolote alilolikuta kwenye folda ambalo halikuwepo siku ya kifurushi, analifuta, ili folda iwe sawasawa na ilivyokuwa siku ile. Hiyo ndiyo inayozuia mafaili uliyoyafuta yasifufuke. Lakini ukifungua juu ya folda hai ya kazi, mafaili yako ya jana na leo yatafagiliwa. Fungua katika folda tupu siku zote, uangalie kwa macho, ndipo uhamishe kwa mkono unachokitaka.

Mara nyingi utataka faili moja tu lililoharibika. Tafuta jina lake:

tar -tzf ~/akiba/badiliko-2026-03-20-2015.tar.gz | grep nyavu

Kisha, ukiwa kwenye folda tupu, andika tar -xzf, jina la kifurushi, na mwisho njia kamili ya faili kama ilivyoonekana, ndani ya alama za kunukuu. Hapo usitie -g. Tar atakisoma kifurushi tangu mwanzo mpaka alikute, kama alivyousoma mkanda mwaka 1979; kifurushi kikubwa kitataka subira.

Wakati mzuri wa jaribio ni zile siku za mwezi mpevu. Vyombo vinavyovua kwa taa havitoki, kwa kuwa mbalamwezi inaua mvuto wa taa, diko linatulia, na mambo ya kuingiza ni machache. Fungua vifurushi vyako kwenye folda ya jaribio, fungua jedwali moja, linganisha jumla ya mwisho na ile ya kwenye daftari la karatasi. Zikilingana, futa folda ya jaribio. Saa moja haiishi.

Mpaka hapa vifurushi bado vimo ndani ya laptopu ileile, na laptopu ikiibwa vinaondoka nayo. Lazima vitoke, na vitoke Kojani kabisa. Nyumba zetu zimebanana, moto au maji yakiingia nyumba moja, flashi iliyo nyumba ya pili haina usalama mkubwa. Wala ukubwa wa jengo si kinga: Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la makumbusho lililoonekana la kudumu milele, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo nakili kwenye flashi:

cp ~/akiba/kamili-2026-03* ~/akiba/badiliko-2026-03-20* ~/akiba/2026-03.snar /media/$USER/FLASHI/
sync

Badilisha FLASHI iwe jina la flashi yako. Usiandike kifurushi moja kwa moja kwenye flashi. Kitengenezwe kwenye laptopu kwanza, kipimwe, ndipo kinakiliwe. Amri ya sync inangoja mpaka kila kitu kimeandikwa kweli, maana ule mstari wa kunakili ukimalizika kwenye skrini, data huwa bado iko njiani. Itoe flashi kwa utaratibu, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki mara mbili kabla haijapanda mashua. Mvuke wa chumvi unakula vile vijibati vya shaba pole pole. Ukiwa na flashi mbili ni bora zaidi: moja iko kwa ndugu Wete au Chake, nyingine iko kwako, na kila safari zinabadilishana. Flashi ya FAT32 haipokei faili lililozidi gigabaiti 4. Kifurushi kamili kikikaribia hapo, umbiza flashi kwa exFAT.

Mle ndani mna majina ya watu, madeni yao na namba za simu, na flashi hupotea. Kifunge kwa neno la siri kabla ya kukitoa nyumbani:

gpg -c ~/akiba/kamili-2026-03-01-2010.tar.gz

Utapata faili lenye .gpg mwishoni, hilo ndilo la kusafirisha. Kulifungua ni gpg -d -o jina-jipya.tar.gz ikifuatiwa na jina la faili lenye .gpg. Neno la siri likisahauliwa hakuna fundi wa kulifungua, wa Darajani wala wa Kariakoo. Liwe sentensi ndefu yenye maana kwenu, na walijue watu wawili.

Vya zamani vifutwe lini? Weka vifurushi kamili vya miezi 12, na badiliko la mwisho la kila mwezi. Mabadiliko ya kila siku ya mwezi uliopita unaweza kuyafuta baada ya kifurushi kamili kipya kupimwa na kuvuka maji, si kabla. Mwanachama aliyekwenda dago atakaporudi, kawaida swali lake halivuki mwaka.

Mwisho, kumbuka kwamba hata katibu anaweza kwenda dago, au kuolewa Micheweni. Andika kwenye karatasi zile amri nne za kurejesha, jina la folda, na mahali flashi ya pili ilipo, kwa mwandiko unaosomeka. Karatasi moja ibaki ndani ya daftari la chama, nyingine apewe mweka hazina, na kabla ya mkutano ujao mwambie akae mbele ya laptopu arejeshe kifurushi peke yake, wewe ukiwa umefunga mdomo.